Grifini abebe kiasi gani akiwa angani? Tulinganishe kanuni za mzigo

Mlinzi_wa_Mnara
Habari zenu wakuu. Kuna jambo limeigawa meza yetu pande mbili, nikaona nililete kwa waliobobea.

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete, toleo la tano, kwa vitabu vya 2014. Kikao kilichopita askari wetu, kavaa deraya kamili ya chuma, alikuwa juu ya mnara na grifini wake, mnyama wa hekaya mwenye mwili wa simba na kichwa na mabawa ya tai. Kando yake mfungwa tuliyetoka kumwokoa. Walinzi wanapanda ngazi. Akasema, "Nampakia nyuma yangu, twende zetu." Ubishi ukazuka hapohapo.

Hesabu ni hii. Uwezo wa kubeba ni Nguvu, ile alama ya misuli ya kila kiumbe kitabuni, mara 15. Grifini ana Nguvu 18, kwa hiyo ratili 270, na kwa kuwa umbo lake ni Kubwa unazidisha mara mbili: 540. Sasa mzigo: askari 180, deraya 65, ngao 6, tandiko la mnyama arukaye 40, mikoba 59. Hizo ni 350, karibu kilo 159. Mfungwa nilimkadiria 160. Jumla 510. Kitabu kinasema grifini anaruka futi zake 80 kwa raundi kama vile hana kitu mgongoni. Aendaye kwa miguu na aendaye kwa mabawa wote wamewekewa kipimo kimoja.

Niliruhusu ili mchezo usisimame, ila roho haijatulia. Ninyi mnatumia kanuni ipi?

Kete_Kumi
Mkuu, kitabu hichohicho kina kanuni ya hiari ambayo wengi huiruka. Mzigo ukizidi Nguvu mara 5, kasi inapungua futi 10. Ukizidi mara 10, inapungua futi 20, na kila jaribio la Nguvu, Wepesi au Ustahimilivu unarusha kete mbili na kuchukua ndogo. Tukizidisha kwa umbo la grifini, mipaka ni 180 na 360.

Tazama askari wako alivyo ukingoni: peke yake ana 350. Akiongeza kamba ya futi 50, ambayo ni ratili 10, amegusa mpaka. Akiongeza na mwenge mmoja wa ratili 1, amevuka. Akiwa na mfungwa, grifini anaruka futi 60 na anapigana vibaya. Kwangu hilo linatosha.

Mzee_wa_2003
Halitoshi, ndugu yangu. Mnyama amebeba watu wazima wawili na chuma, anapoteza robo tu ya kasi?

Sisi tuliokulia kwenye toleo la 3.5 tulikuwa na kanuni moja ya wazi: mwenye mabawa haruki akiwa na mzigo unaozidi ule mwepesi. Grifini wa toleo lile, mzigo mwepesi unaishia ratili 300, wa kati 600, mzito 900. Ardhini ana uwezo wa kutembea na 900. Akivuka 300, habanduki chini. Maana yake hata huyo askari na ratili zake 350, bila mfungwa, anabaki mnarani.

Najua inaonekana kali. Lakini ukali huo ndio uliozaa vikao ninavyovikumbuka mpaka leo. Tulikuwa na dada mmoja anacheza mpanda grifini. Siku ya kukimbia ngome iliyokuwa inawaka moto, mizani ilikataa. Aliitazama karatasi yake muda mrefu, meza nzima kimya, kisha akachukua kifutio akafuta ngao ya babake, ngao aliyoibeba tangu kikao cha kwanza. Hakuna joka lililowahi kutugusa namna ile. Kanuni inayoruhusu kila kitu haiwezi kukupa hicho.

Nyota_ya_Alfajiri
Shikamoo Mzee. Kisa chako kimeniingia, lakini mimi naendesha meza ya wachezaji sita na muda wetu ni saa tatu. Tunahesabu nafasi tu: grifini ana nafasi mbili, mtu mzima anachukua moja, mwenye deraya nzito anachukua mbili. Hakuna ratili. Askari na mfungwa hawaendi pamoja mpaka deraya ivuliwe, na tunajua hilo kwa sekunde moja.

Mzee_wa_2003
Marahaba binti yangu. Hata hiyo inamlazimisha mtu kuchagua. Sina ugomvi nayo.

Balozi_wa_Balki
Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili, la 2019, iko karibu na kanuni ya Nyota. Hawapimi ratili, wana kipimo chao cha balki kinachojumlisha uzito na usumbufu wa kitu. Mnyama wa umbo Kubwa mwenye Nguvu +4 anaelemewa akizidi balki 18, na mwisho wake ni 28. Mtu wa kawaida ni 6, deraya kamili 4, ngao 1, tuseme mikoba 3: ni 14, anaruka vizuri. Mfungwa anaongeza 6, zinakuwa 20, na hapo kasi zake zote zinashuka futi 10, tena anakosa wepesi. Hesabu ya darasa la pili. Tatizo ni lilelile, kutembea na kuruka vimewekewa mpaka mmoja.

Mfuata_Mabawa
Naona wote mnabishania kasi, na mimi naona pagumu ni pale mwanzo, kuinuka.

Waangalieni ndege wazito. Heroe hakurupuki tu, hukimbia juu ya maji hatua kadhaa huku akipiga mabawa ndipo anyanyuke. Tumbusi aliyeshiba mzoga huhangaika kuondoka ardhini, na pengine hutapika alichokula ili apate wepesi. Ndege huyohuyo akishashika hewa ya joto inayopanda, anazunguka muda mrefu bila hata kupiga bawa. Na umbo likikua mambo yanazidi kuwa magumu: ukirefusha kiumbe mara mbili kila upande, eneo la mabawa linaongezeka mara nne, uzito mara nane. Ndiyo maana tandawala mkubwa, mwenye kilo zisizofika hata 20, yumo kati ya ndege wazito kabisa wanaoruka.

Kwa hiyo mezani kwetu mzigo ukizidi nusu ya uwezo, mnyama hainuki wima. Ama akimbie futi 60 kwenye uwazi, ama ajirushe kutoka mahali palipoinuka. Ghafla kila ua, kila paa na kila jabali kwenye ramani lina maana.

Zulia_Jekundu
Na nusu hiyo ichanganyeni na kitu kilichomo tayari kitabuni. Zulia la kuruka lina uzito wake wa kawaida, na linakubali hadi mara mbili yake kwa nusu ya kasi. Mpeni grifini kanuni hiyohiyo: hadi ratili 270 futi 80, kutoka hapo hadi 540 futi 40. Namba mbili tu za kukumbuka.

Mwana_Hekaya
Naomba rukh, yule ndege mkubwa mno wa hekaya, asiguswe. Ana Nguvu 28 na umbo la mwisho kabisa kwa ukubwa, uwezo wake ni ratili 3,360, kama kilo 1,524. Hekaya zinamtaka anyakue tembo, na tembo dume hufika tani 6. Tayari kanuni imemshinda. Mkimkatia nusu atabaki mwindaji wa nyati.

Mlinzi_wa_Mnara
Nawashukuru sana. Nimechukua ya Zulia na ya Mfuata_Mabawa kwa pamoja, na rukh nimemwacha na hekaya zake.

Nimerudia tukio letu kwenye karatasi. Ratili 510 ni nusu kasi, ila wako juu ya mnara, kwa hiyo wanajirusha na bawa linashika. Upinde mrefu unalenga vizuri hadi futi 150. Kwa futi 80, raundi mbili wametoka. Kwa futi 40 ni raundi nne chini ya mishale. Sasa kuna hofu.

Nimegundua pia kwamba watu wawili wale na tandiko tupu ni 380, kwa hiyo hawatakaa waruke kasi yote hata wavue kila kitu. Na askari peke yake na deraya ile juu ya tandiko, bila ngao wala mikoba, ni 285: amezidi kwa ratili 15. Nimempigia simu mchezaji wangu nikamsomea hizo namba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza fulana ya minyororo ina uzito gani. Nikamwambia ratili 20.