Gesi ya Mtwara: yote ichomwe, au nyingine iimarishe nyaya za shaba?

Mtoa mada, Mtwara mjini:
Wadau, gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na tangu bomba la Dar es Salaam likamilike 2015 nyingi inaishia kuchomwa kwenye mitambo ya umeme. Mimi nataka kidogo kibaki huku kitengeneze kitu. Gesi hii karibu yote ni metheni. Ukiipitisha kwenye chembe za chuma au nikeli zenye joto kali, kaboni yake inaota kuwa mirija midogo mno, nanotubu, inayoweza kuimarisha shaba. Kwa kawaida shaba ikichanganywa na metali nyingine ili iwe ngumu, umeme unapita kwa shida. Ikitiwa zinki nyingi, upitishaji unashuka hadi kama robo. Nanotubu haziyeyuki ndani ya shaba, kwa hiyo shaba inayozizunguka inabaki safi. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha mchanganyiko uliobeba mkondo mara mia ya shaba kabla ya kuharibika, na upitishaji wake ukawa karibu sawa na wa shaba. Tuanze na karakana ya majaribio hapa hapa.

Fundi mota, Mikindani:
Kaka, waya mwembamba ukiukaza kidogo kwenye kona ya koili unakatika. Unasaka ncha, unakwangua vanishi kwa wembe, unaunga kwa risasi, na pale ulipounga ndipo patakapoungua kwanza pampu ikizidiwa. Kwa hiyo waya imara nautaka sana. Ila ukiwa mgumu kupita kiasi unaruka, haulali kwenye mfereji wa mota. Nguvu umeitaja, kupinda hujakutaja.

Mkazi wa Msimbati:
Shikamooni. Nyaya za njia kuu za umeme ni alumini, katikati chuma. Shaba haimo. Mradi huu hauzuii umeme kukatika kwetu. Mwaka 2013 watu walipoteza maisha kwenye vurugu za kupinga bomba la gesi hii; leo tunaletewa habari za maabara? Pesa ziunganishe nyumba kwanza.

Mtoa mada:
Marahaba. La alumini ni kweli kabisa. Shaba imo kwenye mota, transfoma nyingi na nyaya za majumbani. Lakini waliosimama 2013 walidai viwanda pia, na kiwanda hakiji kama hatuna vijana wanaoijua kaboni. Fundi, kupinda kupimwe kwanza, tena kwenye meza yako.

Mwalimu wa fizikia, Lindi:
Kuna ugumu mnaupita. Shaba haishikani na kaboni: nanotubu zinajikusanya madonge, zinaacha matundu, waya unakatikia hapo hapo na umeme unakwama. Inabidi zipakwe metali kwanza, na gharama inapanda. La pili ni vumbi lake. Mwaka 2014 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliitaja aina moja ya nanotubu kuwa huenda inasababisha saratani. Nani atampima mapafu kijana wa karakana hiyo?

Mtoa mada:
Mwalimu, hilo liandikwe kwenye mkataba kabla mtambo haujanunuliwa: chumba kilichofungwa, vichujio vya hewa, kipimo cha mapafu kila mwaka kwa gharama ya mwenye mradi. Asiyekubali hilo, gesi asipewe.