Naomba ushauri: dalili za kiharusi zilimjia mama, zikapotea

Habari zenu ndugu zangu. Juzi asubuhi mama, mwenye miaka 63 na presha ya siku nyingi, alidondosha kikombe ghafla. Kumtazama, mdomo umepinda upande mmoja, maneno yanatoka mazito hayaeleweki. Nikamwambia ainue mikono yote miwili, wa kulia ukashuka wenyewe. Baada ya dakika kama 15 yote yakaisha, akasema ni uchovu tu.

Nilimkimbiza hospitali hivyo hivyo. Daktari akasema ni kiharusi cha muda mfupi, na siku chache zinazofuata ndizo za hatari zaidi. Akasisitiza tukariri saa dalili zinapoanza, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Shida yangu ni baba. Ndiye anayeshinda naye, na bado anaamini angelala kidogo ingetosha. Mliouguza mgonjwa wa hivi, mlimwelewesha vipi mzee asiyetaka kusikia? Na dalili nyingine, kama jicho kupoteza nuru ghafla au kuyumba, mlizitambuaje? Naogopa sana kuwaacha peke yao.