Nati ya sampu ya Probox imelika kichwa: boksi dogo, tindo, kuchomelea au kunyonya oili kwa juu?

DerevaWaUjiji
Wakuu, habari za jioni. Nina Probox yenye injini ya 1NZ, napigia kazi Ujiji na Mwanga, siku nyingine nafika hadi Kasulu. Jana nilitaka kumwaga oili, nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikagoma. Kichwa chake ni namba 14, na aliyeifunga mara ya mwisho alichomeka paipu kwenye spana ili aikaze zaidi. Nilimwona na sikumzuia, hilo linaniuma. Nimejaribu spana ya mdomo, ikateleza. Nikaja na spana malaya, nayo ikateleza. Sasa pembe nne kati ya sita zimelika.

Nimepewa njia nne: kugongea boksi dogo (spana ya kuvika juu ya kichwa cha nati), kupiga tindo ubavuni, kuchomelea nati nyingine juu yake, au kunyonya oili kupitia tundu la kijiti cha kupimia na kuiacha nati ilivyo. Kila fundi anasifia yake. Naomba aliyewahi kuzifanya aniambie ianze ipi. Gari hii ndiyo inayotulisha nyumbani.

FundiGungu
Pole sana mkuu. Usiiguse tena kwanza. Kila jaribio linaloshindwa linakula chuma ambacho jaribio linalofuata lingekishika, kwa hiyo mpangilio ndio kila kitu.

Watu wanadhani nati ya sampu inashikwa na kutu kama nati za ekzosi. Sivyo. Nyuzi zake zimelowa oili miaka yote. Inashikwa kwa sababu ilikazwa kupita kiasi, na wosha yake ilishabonyea ikawa ngumu. Ndiyo maana kupulizia dawa ya kutu na kulala hadi asubuhi kunasaidia kidogo mno.

Mimi naanza na boksi namba 13 ya pembe sita. Ile ya pembe 12 usiilete, inashika ncha tu, na ncha ndizo zilizokwisha. Safisha kichwa kwa brashi ya waya. Kama boksi linakataa kabisa kuingia, punguza pembe kidogo kwa tupa, kidogo tu, maana unataka liingie kwa shida. Ligonge kwa nyundo likae hadi mwisho. Likiingia hivyo linajichongea pembe mpya. Halafu weka mpini mrefu, mkono mmoja ubane boksi juu lisichomoke, mwingine uvute kwa nguvu inayopanda taratibu. Nati ikitoka imeng'ang'ania ndani ya boksi, usihangaike, utaigonga itoke ukiwa umetulia.

Jambo moja la kukumbuka ukiwa umelala chini ya gari: tazama kichwa cha nati uso kwa uso, kisha zungusha kinyume na mwendo wa saa. Nimeona watu wazima wakikaza wakidhani wanafungua, kwa sababu ya kulala kichwa chini.

KibiriziMashine
Nakubaliana na boksi, ila tindo isionewe. Huku Kibirizi kwenye injini za maboti mara nyingi hakuna nafasi ya kugonga boksi, na tindo imeniokoa. Ila ina utaratibu. Kwanza unapiga wima kwenye ukingo wa kichwa upate kovu, ndipo unailaza tindo na kupiga kuelekea upande wa kufungua. Pigo fupi fupi la nyundo linaachisha nati iliyokazwa kuliko kuvuta polepole.

Kabla ya nyundo yoyote, jaribu sampu kwa sumaku. Ikishika, ni chuma. Isiposhika ni aluminiamu, na hapo weka tindo pembeni, maana pigo likiteleza unapasua sampu nzima.

FundiGungu
Hilo la sumaku ni muhimu sana. Na kama ni aluminiamu, washa injini ipate uvuguvugu kwanza, kisha izime. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea kidogo. Uvuguvugu tu, si moto. Oili iliyochemka ikikumwagikia mkononi inaunguza vibaya.

Tindo bado naiweka ya tatu. Ikishindwa inakuachia kichwa ambacho hakuna boksi litakalokishika.

BiKasulu
Mimi nilinyonya. Noah yangu ilinigomea hivyo hivyo, na sikuwa na fundi ninayemwamini karibu. Nilipitisha mrija mwembamba kwenye tundu la kijiti hadi ukagusa chini, nikavuta kwa pampu ya mkono, oili ikiwa na uvuguvugu ili iwe nyepesi. Inachukua muda, lakini inatoka.

Pima unachotoa. Injini yako inachukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Ukipata lita mbili na nusu, ujue mrija haujafika chini, usijaze oili mpya juu ya hiyo.

Ila niseme ukweli, kunyonya hakufungui nati. Kulinipa nafasi ya kuendelea na kazi hadi nilipofika kwa fundi mzuri. Kama nati yako inavuja, wala usifikirie njia hii, kwa sababu uvujaji utabaki pale pale.

MchomeajiTabora
Nipo Tabora, kazi yangu ni kuchomelea. Njia hii ina nguvu kuliko zote, kwa sababu joto lenyewe linaachisha nati, na ile nati mpya ya juu unaipata na pembe zake zote sita. Lakini nawakatalia wateja wengi wanaoitaka ifanyike chini ya gari. Pana oili, pana mvuke, pana vumbi lililonata, na moto unaruka. Kunyonya oili kwanza hakuondoi mvuke.

Kama imefika huko, ishushe sampu. Kama yako ni ile ya bati ya chini, inashikiliwa na boliti ndogo na silikoni. Ioshe, ifunge kwenye jiliwa, uchomee mezani. Wakati wa kurudisha, silikoni iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumwaga oili. Na anayeng'ang'ania kuchomea ikiwa kwenye gari, angalau achomoe waya hasi wa betri na mtu mwingine akae na mchanga mkononi.

Mgeni_Uvinza
Samahani kuingilia. Yangu inazunguka vizuri ila haitoki. Ni ugonjwa huo huo?

FundiGungu
Hapana ndugu yangu, hapo nyuzi zimeliwa. Chomeka bisibisi bapa nyuma ya kichwa, ibenue huku mwenzako anazungusha, itatoka. Kisha tundu lipigwe tepu (chuma cha kuchonga nyuzi mpya) na kuwekewa nati ya saizi ya juu, au uzi wa kupandikiza wa chuma. Paka grisi nyingi kwenye tepu ishike vumbi la chuma, na ukimaliza mwaga oili kidogo ipite isafishe kabla ya kufunga. Nati za kujichonga zenyewe zipo madukani, ila kwenye aluminiamu mimi siziweki.

DerevaWaUjiji
Wakuu, nimerudi. Sumaku imeshika, ni chuma. Nilipasha injini dakika chache, nikagonga boksi 13 la pembe sita kama FundiGungu alivyoelekeza. Mvuto wa kwanza halikusogea. Wa pili ulitoa mlio mkali, nikadhani imekatika, kumbe imeachia.

Nilipoitazama nati nilikuta wosha mbili zimebandana. Ya zamani haikuwahi kutolewa, mpya ikawekwa juu yake. Nadhani ilikuwa inavuja, ndiyo maana jamaa akaongeza paipu.

Nimenunua nati mpya ya milimita 12, uzi wa 1.25, na wosha mpya moja. Niliiingiza kwa vidole hadi ikagusa, kisha nikaazima spana ya kupimia nguvu, nikakaza kwenye Nm 37. Nimeshaenda Kasulu na kurudi. Usiku nimelaza boksi la karatasi chini ya injini, asubuhi nimelikuta kavu.

KibiriziMashine
Hiyo nati ya zamani itupe mbali, asije mtu akairudisha.