Tupeane uzoefu: kanisani kwenu walitumia neno gani walipokutenga?

Yaya wa Ibanda (Bukavu)
Ndugu zangu, nafungua uzi huu kwa ajili ya mdogo wangu. Alipata mimba kabla ya ndoa. Wazee wakamwita, wakasali naye, wakamwambia arudishe sare ya kwaya na asikaribie Meza ya Bwana "kwa muda". Siku ya Yenga (Jumapili) ikatangazwa kwamba "amepumzishwa". Muda gani? Hakuna aliyesema.

Hapo ndipo panaponiuma. Wangesema ametengwa miezi sita, angehesabu miezi. Wangesema amefukuzwa, angeandika barua kwa mwakilishi wa kisheria wa jumuiya akajitetea. Aliyepumzishwa atalalamikia nini? Wamama wa kwaya waliokuwa wakila kwetu wanamkwepa pale sokoni Nyawera, na ukiwauliza wanakujibu: "Hatujamtenga, tunampa nafasi na Mungu wake."

Sitaki majina ya makanisa yaliyowaumiza wala ya wachungaji. Nataka neno lililotumika na kilichofuata.

Mama Sambaza (Kadutu)
Kwetu ni "kuwekwa chini ya nidhamu". Mume wangu alioa bibi wa pili, nikakataa kutoka nyumbani mwangu. Kwa hiyo nikahesabiwa mke wa mitala na nikarudishwa benchi la nyuma pamoja naye. Yeye aliacha kwenda kusali. Mimi nikaendelea kwenda na kukaa nyuma.

Lakini kilichonivunja ni likelemba, mchango wetu wa kupokezana. Tulikuwa wamama wa kanisa moja tukichanga kila juma, na zamu yangu ilikuwa imekaribia. Wakaniambia, "Mama, kwanza utengeneze na Bwana, mambo ya hesabu tutaongea." Pesa ile ndiyo ilikuwa mtaji wangu wa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilianza upya kwa deni, na mpaka leo hatujaongea.

Fundi (Ndosho, Goma)
Kwangu walisema "wamemwachia Bwana". Nilikuwa nimeuliza hesabu ya mchango wa ujenzi. Hakuna aliyenifukuza, hakuna tangazo. Niliondolewa tu kwenye grupu ya WhatsApp ya selula yetu ya maombi, na nilipouliza, kiongozi akasema tuache kwanza mioyo itulie.

Ndugu, grupu ile haikuwa ya sala tu. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 asubuhi gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Wenzangu wa selula walikuwa wamepanga gari usiku kucha, nani apande na nani. Sisi tulielekea Sake kwa miguu, mimi, mama watoto, watoto wanne na godoro kichwani. Tuliwakuta kule wamelala shuleni. Mama mmoja aliwapa watoto wangu biskuti bila kuniangalia. Yule simlaumu, alikuwa anatii. Nawalaumu waliomfundisha kwamba kutonisalimia ni kunipenda.

Msomaji wa Katuba (Lubumbashi)
Mimi sina kisa changu, ila nafuatilia mambo haya. Makanisa makubwa ya dunia nayo yamebadilisha maneno. Wamormoni, ambao huku kwetu Lubumbashi ni wengi, mwaka 2020 waliacha kusema "kutengwa" katika kitabu chao cha uongozi, wakaanza kusema "kuondolewa uanachama". Baraza la nidhamu likawa baraza la uanachama. Mashahidi wa Yehova mwaka 2024 waliacha "kutengwa na ushirika", sasa ni "kuondolewa kutanikoni".

Tuwe wa haki: kwa Mashahidi halikubadilika neno peke yake. Mwaka huohuo waliruhusu aliyeondolewa asalimiwe kwa ufupi akija mkutanoni, isipokuwa wale wanaohesabiwa waasi-imani. Lakini tangazo linalosomwa mbele ya watu ni kwamba fulani si Shahidi wa Yehova tena, basi. Aliyejitoa mwenyewe na aliyeondolewa wanatangazwa kwa sentensi moja, na anayesikia hajui nani alifunga mlango.

Katekista (Bagira)
Kwetu Wakatoliki sheria ya Kanisa inaita kutengwa adhabu ya kuponya. Neno ni laini, nakubali. Ila sheria hiyohiyo inasema adhabu ya namna hiyo haiwezi kutolewa na mkubwa kabla mtu hajaonywa walau mara moja, na akikata rufaa, adhabu inasimamishwa kwanza. Yaya wa Ibanda, huyo mdogo wako alionywa?

Yaya wa Ibanda
Hakuonywa. Aliitwa mara moja, na siku hiyohiyo sare ikachukuliwa.

Mzee wa kanisa (Panzi)
Niruhusuni na mimi niseme. Zamani tulikuwa tunamsimamisha binti mbele ya watu wote na kosa lake linasomwa. Nimeona binti akizimia. Tulichagua "kupumzishwa" ili kuficha aibu ya familia, si kuwaonea watu.

Fundi
Nakuamini, papa mzee. Lakini aibu mnayoificha ni ya nani? Mtaa mzima ulijua mimba ya yule binti. Wasichojua ni nani aliamua, kwa kosa gani, na hadi lini. Hayo matatu andikeni kwenye karatasi mumpe mkononi, wala hamtahitaji kuyasoma mbele ya watu.

Mzee wa kanisa (Panzi)
Karatasi hatujawahi kutoa. Hilo nitalipeleka kwenye kikao cha wazee, na nitaomba tuandike tarehe ya mwisho. Mama Sambaza, likelemba si sadaka, ni pesa ya watu waliokopeshana. Nidhamu haiigusi. Nenda kwa mweka hazina na mashahidi wawili waliochanga nawe, mtaje kiasi, umwombe asaini. Akikataa kwa jina la kanisa, mpelekee mchungaji hesabu hiyo kwa maandishi.

Mama Sambaza
Mashahidi ninao. Wawili bado wananisalimia.