"He hardly visits us": kiswali cha mwishoni kiwe "does he" au "doesn't he"?

Mama Kidato cha Pili:
Wadau, habari za jioni. Mwanangu karudi na jaribio la Kiingereza. Sentensi ilikuwa "He hardly visits us, ...?" Yeye kajaza "doesn't he", kapigwa kosa, na pembeni kuna wino mwekundu: "does he". Si tulifundishwa kwamba sentensi isipokuwa na "not", kiswali ndicho kinaibeba? Hapo "not" iko wapi?

Mwalimu wa Zamu:
Dada, aliyesahihisha yuko sawa. "Not" haionekani, lakini ukanushi umejificha ndani ya "hardly": huyo mtu ni kama haji kabisa. Ndugu zake ni never, seldom, rarely, scarcely, nobody, nothing. Few na little nazo zimo, ila chunga ka-"a": "Few students came, did they?" lakini "A few students came, didn't they?" Ka-herufi kamoja hako kanawaangusha wengi darasani kwangu.

Fundi Redio:
Na "I am late"?

Mwalimu wa Zamu:
"Aren't I?" Uskoti na Ireland wapo wanaosema "amn't I", ila kwenye mtihani asiiandike.

Dada, umfundishe na kujibu. Kiswahili chetu kina "sivyo?" moja, inakaa popote, ndiyo maana mtu anasema "You are coming, isn't it?" Na ukiniuliza "Hujala, sivyo?" nami nina njaa, nakujibu "Ndiyo, sijala." Mwingereza anasema "No, I haven't." Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuliza mtoto, "You haven't eaten, have you?" Akajibu "Yes, teacher." Nikaelewa keshakula, nikamwacha aendelee kufagia. Saa tisa nikamkuta amejikunja chini ya mwembe, hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Sijaisahau ile "yes". Tangu siku hiyo sipokei "yes" tupu, namtaka mtoto amalizie: "Yes, I have" au "No, I haven't."

Mama Kidato cha Pili:
Pole, mwalimu, na ahsante. Nimempa "Nobody ate the mandazi", kajibu "did they" papo hapo. Sasa kanigeukia: nobody ni umoja, "they" imetoka wapi?

Mwalimu wa Zamu:
Mwambie hatujui kama ni wa kike au wa kiume, basi Kiingereza kinachukua "they". Everybody na somebody vilevile.