Miradi ya mpakani inaisaidia nini nchi inayotaka kuingia Umoja wa Ulaya?

Mwanagenzi_Ngara: Wadau, Serbia inafaidika nini hasa na miradi ya pamoja na Romania? Naona ni barabara na sherehe za utamaduni tu.

Wakili_SouthB: Sherehe zipo, kweli (nyingi mno!). Faida kubwa ni mazoezi. Sura ya 22 ya mazungumzo ya uanachama inataka nchi iweze kusimamia fedha za maendeleo ya mikoa. Kwenye Interreg, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharimia miradi ya mpakani, Umoja hulipa hadi asilimia 85, mshirika anatafuta zilizobaki. Manispaa ndogo inajifunza kutangaza zabuni na kukaguliwa.

Debiti_na_Krediti: Na hapo ndipo huumia. Sehemu kubwa ya pesa hurudishwa baada ya matumizi kuhakikiwa, kwa hiyo asiye na akiba hukwama katikati. Ukikatakata zabuni ili kukwepa utaratibu, gharama zinakataliwa hata kama jengo limesimama imara.

Mwanagenzi_Ngara: Kumbe. Na mwananchi wa kawaida?

Wakili_SouthB: Tangu Julai 2021, nchi sita za Balkan Magharibi, Serbia ikiwemo, zimefuta ada za ziada za simu mtu akivuka mpaka kati yao. Lori nalo ni kama Busia: foleni ikipungua, nyanya haziozi njiani.