Mjadala: Kwenye laivu tuandike kama mtaani au kama darasani?

Mama Vitenge, Kariakoo

Habari za jioni jamani. Nina duka la vitenge, na usiku nikishafunga nauza laivu mtandaoni kuanzia saa tatu. Juzi mteja mmoja akaandika: "Dada, unauza vizuri ila wafukuze hao wahuni wanaoandika x badala ya s, wanaua Kiswahili." Wengine wakamuunga mkono, wengine wakamcheka, biashara ikasimama robo saa nzima. Naleta kwenu: mwenye laivu awazuie wanaoandika kihuni, au awaache?

Mimi vifupisho haviniumi. Mtu akiandika "dd bei gn hcho cha kijan" nimeshamwelewa. Komenti zinapita mbio, ukikaa kupanga sentensi mwenzako kashaandika "namba 7 nimechukua" na mzigo umekwenda. Wala haya hayakuanza leo. Tuliotumia simu za tochi tunakumbuka meseji moja ilikuwa herufi 160, ukizidisha unakatwa hela ya pili. "Xaxa", "cjui", "2po" tumezizaa sisi, tusiwasingizie watoto.

Kinachoniuma ni heshima. Nina miaka 51, sura yangu wanaiona kwenye kioo cha simu, na bado mtu anaingia na "oya manzi, shusha bei". Huyo huyo akija dukani ataanza na shikamoo. Tatizo yeye ananiona, mimi simwoni. Naona jina la kubuni na tarakimu kibao. Nikimwita mwanangu, pengine ni babu wa watu.

Na kuzuia nilishajaribu. Kijana wa jirani akaniwekea kichujio cha matusi, likiwemo lile la nguoni la herufi nne. Usiku ule mteja wangu wa Tabata akaandika mara tatu kwamba anataka kumalizia deni, komenti haitokei. Kesho yake akanipigia kwa hasira, anadhani nimemfungia. Kumbe tusi limekaa pale mwanzoni mwa "kumalizia"! Wakati huo huo, aliyeandika "vitenge vimechuja kama mwenye duka" alipita bila kuguswa.

Mwalimu mstaafu, Temeke

Mimi niko na huyo mteja wako. Nimesahihisha insha za kidato cha pili zenye "wa2 wengi hufikiri". Mtoto hakuandika kwa kiburi, mkono ulishazoea. Halafu angalieni kichekesho chenyewe: 2 kwa Kiswahili ni mbili. Ili "wa2" isomeke "watu" lazima uitamke Kiingereza. "Cjui" nayo ni hivyo hivyo. Kiswahili hakina q wala x, na c haisimami bila h, lakini ndizo herufi vijana wanazoziokota. Mnasema mnafupisha, "xaxa" imefupisha nini? Herufi ni nne kama "sasa". Hapo ni mapambo tu.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Neno "mubashara" tunalo, linasikika redioni na kwenye televisheni kila siku, na hapa juu mada imeandikwa "laivu".

Mama Vitenge, Kariakoo

Shikamoo mwalimu. Hilo la xaxa umenishika, sina jibu. Ila nikisema "niko mubashara" wateja watadhani nasoma taarifa ya habari.

Wa Mbagala Rangi Tatu

Mwalimu shikamoo. Naomba kupinga kidogo. "Daladala" tuliipata wapi kama si mtaani? Ilitoka kwenye "dala", sarafu ya shilingi tano, na leo hata kwenye kamusi imo. Nani Dar hajui kwamba buku ni elfu moja na jero ni mia tano?

Mimi huwa naangalia wacheza gemu kwenye Twitch, mtandao wa laivu za gemu. Kule mara nyingi hata maneno hawaandiki. Wanatupa kisura cha kijivu cha jamaa anayetabasamu, kinaitwa Kappa, maana yake natania, usinichukulie kweli. Yule ni mtu halisi, alikuwa mfanyakazi wa Justin.tv, mtandao wa laivu ilikozaliwa Twitch mwaka 2011. Mgeni akiingia haelewi kitu, wiki ya pili naye anatupa. Ndivyo kijiwe kinavyokuwa, hata cha kahawa. Na komenti zikizidi kasi wanawasha hali ya polepole, kila mtu anasubiri sekunde kadhaa kabla ya kuandika tena. Mama, kama unapouzia ipo, iwashe.

Mwalimu mstaafu, Temeke

Marahaba. Daladala ilikaa vinywani miaka ndipo ikaingia kamusini. Ninyi mnataka "xaxa" iingie leo jioni.

Dada wa Sinza

Mnabishana herufi, Mama kalalamikia kijembe. Vijembe ni vyetu tangu enzi, tusijifanye. Taarabu imejaa, kanga zimejaa. Lakini kanga ya kijembe uliivaa mwenyewe, ukapita nayo mbele ya mlango wa mtu, na yeye akijisikia anakwenda kununua yake anakujibu. Huyu wa laivu karusha jiwe, hana mlango wala kanga. Utamjibu nani?

Mashine haiwezi kujua fumbo. Mimi nauza viatu, na mdogo wangu ndiye anayesimamia komenti. Yeye akisoma "kama mwenye duka" anajua hapo nimetukanwa, anamtoa mtu bila kelele. Wa "manzi" simtoi. Namwambia "marahaba mwanangu, bei ni ile ile." Wengi wanaona aibu, komenti inayofuata ni "samahani mama".

Shikamoo ya mtu usiyemwona nayo nimeipatia dawa: nikifungua tu nasema "shikamooni wakubwa, wadogo mambo." Kila mtu anachukua yake.

Mama Vitenge, Kariakoo

Hiyo ya marahaba naijaribu leo leo. Kichujio nimekitoa, binti wa dada yangu atakaa na simu ya pili, yeye vijembe anavijua kuliko mimi. Mwalimu, karibu saa tatu, kitenge cha mkeo kwa bei ya mubashara.

Na wewe wa Tabata, njia sasa iko wazi. Ni elfu kumi na nane.